Kartushi kubwa na akili ya mwindaji: kusoma tena mabuku matatu ya uwindaji wa tembo

Kila mara tukifanya mazungumzo juu ya mila ya uwindaji, vijana wanaulizaka: fizi gani iko na nguvu kupita zote? Wazee wao wanaulizaka mambo mengine: ni nani aliishika, alikuwa amesimama fasi gani, na nyama alilala namna gani? Tunaona kama maulizo ya wazee yanastahili kusikilizwa zaidi. Lakini haitoshi kusema tu, inafaa kuonyesha. Ju ya ile tumechukua mabuku matatu ya wawindaji wageni, watu waliotembea katika inchi yetu ao karibu na mipaka yetu. La kwanza ni African Game Trails la Theodore Roosevelt (1910), la pili The Wanderings of an Elephant Hunter la W. D. M. Bell (1923), la tatu African Rifles and Cartridges la John Taylor (1948). Hatutaki kuwasifu bure wala kuwatukana bure. Tunataka kujua nini wanasema kweli, nini wanaacha, na nini ile inafundisha mutu anayelinda mila ya Waluba, ya Walunda na ya Wachokwe.

1. Magnum maana yake nini?

Tuanze na neno lenyewe, sababu wengi wanalitaja bila kulijua. Magnum ni neno la kilatini, maana yake "kubwa". Zamani wazungu walilitumia kwa chupa kubwa ya divai. Watengenezaji wa bunduki wakalichukua kusema kartushi yenye kubeba baruti nyingi kupita desturi. Basi kalibre na magnum si kitu kimoja. Kalibre ni upana wa risasi; magnum inatuonyesha kama nyuma ya risasi kuko baruti nyingi, na ile risasi itaenda mbio ao itakuwa nzito zaidi.

Mufano unaojulikana sana ni .375 Magnum ya Holland & Holland, nyumba ya London, iliyotoka 1912. Risasi yake iko na gramu 19 na nusu hivi, na inatoka mbio ya metre 760 kwa segonde. Wanafunzi wetu wa fizikia wanajua hesabu: nusu ya uzito, mara mbio, mara mbio tena. Tunapata karibu jouli 5600. Tuchukue sasa kartushi ndogo ya Mauser, 7 x 57, ile Waingereza waliita .275 Rigby. Risasi ya gramu 11 na kitu, mbio ya metre 700: jouli 2800, ni kusema nusu tu. Kisha kuko .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, yenye risasi ya gramu 32, ikipita jouli 6000. Na .460 Weatherby Magnum ya 1958, risasi ya uzito ule ule lakini mbio karibu metre 790: inafika jouli 10 000.

Mutu akisoma hizi hesabu bila kufikiri atasema: mambo imekwisha, tuchukue ile ya jouli 10 000. Tuone basi kama mabuku yetu yanakubali.

2. Bell: fizi ndogo, kichwa kikubwa

Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880, akafa 1954. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo zaidi ya 1000, na sehemu kubwa kwa ile Mauser ndogo ya 7 x 57. Aliwinda Karamoja katika Uganda, na pia mu Lado. Lado ilikuwa kipande cha inchi upande wa magharibi ya mto Nil, ambacho kwa mapatano ya 1894 kilikuwa mu mikono ya mufalme Leopold II kwa wakati wa maisha yake tu. Leopold alikufa Desemba 1909, na katika Juni 1910 ile inchi ikarudishwa kwa Sudan. Mu ile miezi ya katikati hakukuwa tena mwenye kulinda sawasawa, wawindaji wa pembe wakaingia toka pande zote. Wakongomani wengi hawajui kama hii ni kipande cha historia yao.

Namna gani kartushi ya jouli 2800 inalaza tembo? Bell anaeleza kwa uwazi, na hapa buku lake liko na mafundisho ya kweli. Alipasua vichwa vya tembo aliowaua kusudi aone ubongo unalala fasi gani. Kichwa cha tembo kinaonekana sawa jiwe, kumbe mifupa yake mikubwa iko na matundu ndani sawa sega la nyuki, na ubongo, wa kilo nne ao tano, uko chini na nyuma, mbali na fasi mutu asiyejua angelenga. Risasi nyembamba na ndefu, iliyofungwa chuma kigumu pande zote isivunjike wala isipanuke, inapita moja kwa moja sawa sindano kubwa. Ikifika pale, tembo anaanguka hata bila kujua. Isipofika, hata risasi nene kupita inaacha nyama na kidonda tu.

Maneno haya yanatupendeza. Lakini yanaanza kuharibika wakati wasomaji wanayageuza sheria: "Bell alitumia ndogo, basi ndogo inatosha." Bell alikuwa na macho na mikono ambayo watu wachache wanapataka. Alikuwa akipiga karibu kila siku, kwa miaka. Mara nyingi alichagua tembo aliyesimama, akangoja aone sikio na upande wa kichwa. Mutu mwenye kupiga mara mbili kwa mwaka, mu pori la kufunga macho, tembo akimrukia toka metre kumi, huyu hawezi kusema "mimi ni Bell". Hapo risasi nzito haiko majivuno, ni maisha yake na ya wale wanaomfuata.

Tena kuko jambo lingine. Bell anahesabu pembe kwa libre na kwa bei. Ufundi wake, kama ni mukubwa namna gani, ulitumikia soko. Wazee wetu pia waliuza pembe, tusidanganyane. Misafara ya pembe ilipita katika inchi za Waluba na Wachokwe mbele Bell hajazaliwa. Lakini mutu mumoja kulaza tembo 1000, hapana mukoa wowote wa mila uliowahi kumuita huyo mwindaji mwenye kiasi.

3. Taylor: hesabu inayopendwa kupita kiasi

John Taylor, waliyemuita Pondoro, alizaliwa Dublin 1904 na kufa London 1969. Aliwinda sana Msumbiji, na hakuficha kama mara nyingi aliwinda bila ruhusa. Buku lake la 1948 linasomwa mpaka leo ju alikuwa ametumia kalibre karibu zote, na anasema ya kila moja bila kuogopa nyumba zenye kuzitengeneza.

Kitu kilichomfanya ajulikane ni hesabu yake ya "kuangusha". Chukua uzito wa risasi kwa greni, mara mbio yake kwa futi, mara upana wake kwa inchi, kisha gawanya kwa 7000, hesabu ya greni katika libre moja. Kwa Mauser ya Bell tunapata 16. Kwa .375 Magnum, 40. Kwa .416 Rigby ya mwaka 1911, ambayo ni kubwa bila hata kuitwa magnum, karibu 58. Tukiitumia kwa zile zilizokuja nyuma ya buku, .458 Winchester inapata karibu 70, na .460 Weatherby 85.

Watu wengi wanashika hii hesabu sawa amri za Mungu. Na tujaribu kuipima sisi wenyewe. Mutoto arushe jiwe la nusu kilo, lenye upana wa santimetre saba, kwa mbio ya metre 20 kwa segonde. Tukiingiza jiwe mu hesabu ya Taylor, tunapata karibu 200! Kumbe jiwe la mutoto linashinda Weatherby zaidi ya mara mbili? Hapana tembo aliyelala ju ya jiwe la mutoto. Hesabu inapenda kitu kipana na kizito, haiulizi kama kitaingia ndani ya nyama ao kitaruka juu ya ngozi.

Tumupe Taylor haki yake. Yeye mwenyewe hakusema kama ile hesabu inapima kuua. Aliitafuta kwa jambo moja: ukipiga kichwa cha tembo kwa risasi ngumu na ukikosa ubongo kwa kidogo, risasi gani itamzungusha kichwa, alale wakati wa kutosha kwa kumumaliza? Kwa lile ulizo, kati ya bunduki ambazo zote zinaingia vizuri, hesabu yake inasaidia. Kosa liko kwa wale waliotoa hesabu mu fasi yake wakaipeleka kwa nyama yote na kwa bunduki zote. Sisi walimu tunajua huu ugonjwa: mwanafunzi anashika formule, anaacha kusoma ulizo.

4. Soko linachagua pia

Kuna jambo ambalo mabuku ya wapenda-bunduki wanalitaja kwa sauti ya chini. Magnum nyingi za nyuma ya vita vya 1940-1945 hazikuzaliwa ju tembo alikuwa mugumu kupita zamani. Tembo ni yule yule. Zilizaliwa ju ya mambo ya watu.

.458 Winchester ilishinda sababu ilipigwa na fizi ya mutambo wa kawaida, ya bei ndogo mbele ya zile bunduki za Kiingereza za midomo miwili. Ilikuwa nzuri kwa bei, lakini kartushi yenyewe ilikuwa fupi. Ilibidi kushindilia baruti kwa nguvu. Mu miaka ya mwanzo kartushi zingine, zikikaa siku nyingi, baruti iliganda ndani, risasi ikatoka bila nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Mwindaji anasoma jouli juu ya sanduku, lakini nyati anaona jouli zingine. Jack Lott, Mmarekani aliyeumizwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, njo aliyetafuta kartushi ndefu kidogo, .458 Lott, iliyotoka 1971.

.460 Weatherby nayo ilitafutwa sababu ya sheria. Katika Kenya ya wakati ule, mpaka uwindaji ukakatazwa 1977, sheria ilidai kalibre ya .40 ao zaidi kwa nyama kubwa za hatari. .378 ya Weatherby, hata na nguvu zake zote, ilikuwa nyembamba. Basi wakapanua shingo ya kartushi ile ile, wakapata kalibre ya kutosha kwa sheria. Matokeo ni fizi yenye kipigo kikali mu bega, ambayo watu wengi wakisha kuipiga mara tatu wanaanza kufunga macho mbele ya kuvuta. Na mwenye kufunga macho, jouli 10 000 zake ziko za udongo na miti.

Hapa tunagusa kiini. Nguvu ambayo mutu hawezi kuishika, haiko nguvu yake. Tungetoa shauri kwa mwenye ruhusa ya kweli ya kuwinda nyati, tungesema sawa vile wengi wenye uzoefu wanasema: .375 iliyozoeleka inapita .460 inayoogopwa. Risasi iwe ngumu na isivunjike. Mutu ajue mwili wa nyama mbele ya kujua duka la kartushi. Na kama hawezi kukaribia, aache.

5. Mambo ambayo mabuku hayaonyeshi vizuri

Roosevelt alifika Lado Januari 1910, nyuma kidogo ya kuacha uraisi wa Marekani. Alikuwa na bunduki ya midomo miwili ya Holland & Holland, kalibre .500/.450. Yeye na mwana wake Kermit waliua vifaru weupe tisa, kwa ajili ya museo. Buku lake ni la mutu mwenye elimu. Anapenda ndege, miti, nyota. Lakini mstari wa wapagazi uko nyuma yake sawa kivuli. Tunajua jina la kiwanda cha bunduki; majina ya wengi waliofuata nyayo mu majani, hatuyajui.

Kwa Bell tuseme kweli: anamtaja Pyjale, mutu wa Karamoja, na anamheshimu. Ile inainua buku lake. Pale anapoandika juu ya Pyjale, tunaona uwindaji wenyewe: mutu anayesoma kinyesi, upepo, jani lililovunjika, anayejua tembo yuko mbele kabla ya kumwona. Risasi inakuja mwisho, kazi ya segonde moja nyuma ya masaa sita. Mabuku ya kartushi yanatoa kurasa mia kwa ile segonde, na mistari miwili kwa masaa sita. Hiyo njo lawama yetu kubwa.

6. Mila yetu inasema nini?

Kwetu uwindaji haukuwa mambo ya tumbo tu. Ufalme ulitoka mule. Mbidi Kiluwe, aliyekuja toka mashariki na kuzaa Kalala Ilunga, ni mwindaji. Chibinda Ilunga, mwana-mufalme wa Waluba, alifika kwa Walunda akifuata nyama, akaolewa na Lueji, binti aliyeshika lukano, bangili ya ufalme. Tafadhali msicheke neno "akaolewa": wazee wanalisema vile kwa kuonyesha kama ufalme ulikuwa wa Lueji, yeye alikuja na ujuzi wake.

Wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walimchonga huyu Chibinda katika mbao. Moja ya zile sanamu iko leo mu museo ya Kimbell, kule Fort Worth, Marekani. Tuiangalie vizuri. Mikono na miguu ni mikubwa kupita kiasi, kichwa kimebeba taji kubwa. Mukono mumoja unashika fimbo ya safari, mwingine unashika pembe ya mbawala yenye dawa. Kuko sanamu zingine zinazomuonyesha na bunduki ya gumegume, ile iliyokuja na biashara. Wachongaji hawakukataa bunduki. Walimpa Chibinda bunduki hata kama katika hadithi hakuwa nayo, lakini hawakuifanya kubwa kupita mutu. Miguu inayotembea na mikono inayojua ndivyo vilibaki vikubwa.

Wandembu, ndugu za Walunda waliotoka kwa Mwata Yamvo na kukaa upande wa Zambia, nao wanatusaidia. Victor Turner, aliyekaa kwao miaka ya 1950, alionyesha kama walikuwa na vyama viwili vya wawindaji: Wubinda, wa zamani, wa upinde na mitego, na Wuyang'a, wa wenye bunduki. Ni kusema bunduki ilipofika, hawakuiacha ikae nje ya mila sawa chombo cha duka. Waliitengenezea njia: mutu anaingia kwa hatua, anafundishwa, anagawa nyama kwa taratibu, anaheshimu kivuli cha mwindaji aliyekufa. Nguvu mpya ikapewa mafundisho mapya. Mabuku ya magnum yanatupatia nguvu, yanasahau mafundisho.

7. Kwa kumaliza

Wengine watasema: mambo haya yanatuhusu nini, sisi ambao hata kununua .375 hatuwezi, na ambao tunajua tu pupu ya mafundi wa kijiji na kalibre 12? Yanatuhusu, ju matokeo yako katika inchi yetu. Hifadhi ya Garamba iliundwa 1938, na mu miaka ya 1970 tembo zake zilipita 20 000. Leo hazifiki 2000. Na hazikumalizwa na magnum! Zimemalizwa zaidi na silaha za vita, kalashi yenye kartushi ya jouli 2000, ndogo kupita ile ya Bell, ikipigwa kwa wingi ndani ya kundi zima, mama na mutoto. Katika Machi 2012 tembo 22 walikutwa wamekufa pale, na alama zilionyesha walipigwa toka juu, kwa helikopta. Ule si uwindaji, hata neno lenyewe linaona haya.

Kifaru mweupe wa kaskazini, yule Roosevelt alimfuata Lado, alimalizika Garamba mu miaka ya 2000. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Kenya Machi 2018, wakabaki majike wawili. Mu Juni 2023 vifaru weupe 16 wa kusini waliletwa Garamba toka Afrika ya Kusini. Ni jambo la kushangilia, lakini ni wageni. Wenye nyumba hawarudi tena.

Sheria yetu ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai ruhusa, na sheria ya 2014 juu ya ulinzi wa maumbile imeongeza nguvu. Lakini sheria peke yake ni sawa risasi bila mwenye kulenga. Wazee waliojua majina ya nyayo, miezi ya kuacha nyama wazae, na vipande vya pori ambavyo hapana mutu aliingia na mukuki, wanakwenda moja moja. Chama chetu kingeandika maneno yao mbele ya kuandika hotuba zingine. Kijana akiuliza tena fizi gani iko na nguvu kupita zote, tumupe hesabu za jouli, sababu ni elimu na hapana haya mu elimu. Kisha tumupeleke kwa muzee anayejua kukaribia nyama metre ishirini bila upepo kumsaliti, akae kule masika mawili. Akitoka, yeye mwenyewe atajua jibu, na pengine hatataka tena kununua kitu.